Mvunguni

Usiku, kabla sijazima taa,
nazisukuma raba zangu chini ya kitanda,
mbali, mpaka ukutani,
kwa mpini wa ufagio.
Ukinikuta utasema bibi huyu kapungukiwa.
Sema.

Mwaka mzima baada ya kustaafu
nilikuwa nikisali alfajiri, kisha narudi kulala
kama mdeni anayejificha.
Kiyoyozi kinakoroma badala ya marehemu Khalfan,
pazia zito linanidanganya kuwa bado usiku,
na nje Ibra imeshachemka.
Miaka ishirini na saba ukarani wa skuli:
kengele niliigonga mimi.
Siku niliyorudisha funguo
sikujua kuwa na mwili wangu
ulikuwa ukiitika kengele ile ile.

Nikaingoja hamu.
Ikija, nasema, nitanyanyuka.
Saa tatu, saa nne, adhuhuri.
Hamu ni mgeni mwenye maringo,
haingii nyumba ambayo mwenyewe kalala.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Methali hii nimeipiga chapa kwenye mitihani
mara sijui ngapi, na nafasi ya kujaza,
na sikuwahi kuinama.

Sasa msala nautandika ubavuni mwa kitanda.
Natoa salamu kulia, natoa salamu kushoto,
na niko chini tayari, magoti yameshakunjwa,
hayana haja ya kuulizwa mara ya pili.
Nalala kifudifudi, nanyoosha mkono.
Vumbi. Kokwa ya tende.
Siku moja vidole viligusa kitu baridi:
kile kijiko cha Khalfan cha kuvalia viatu,
alichokitafuta Ramadhani nzima akinishuku mimi.
Nilikaa nacho sakafuni kitambo.
Kisha nikakitumia.

Maji ya baridi, mwezi wa Juni, usiyaguse:
tangi la juu ya paa linayapika mchana kutwa
na usiku hayapoi.
Hita nimeizima tangu Mei,
kwa hivyo bomba la moto ndilo linalotoa ubaridi.
Nafungua hilo, nanawa uso, mara tatu, nne,
nacheka peke yangu.
Finjani moja ya kahawa, hiliki nyingi.
Natoka.

Saa kumi na moja na nusu, nyuzi thelathini na nne.
Milima imekaa kama ilivyokaa jana,
mikavu, haijalala wala haijaamka.
Ahadi yangu ni nguzo moja ya taa,
ile ya mbele ya duka la fundi cherehani.
Mguu ukitaka zaidi, shauri yake.
Mara nyingi unataka.
Nguzo ya tatu yupo Shafiqul wa manispaa,
ananiinulia ufagio wake mrefu,
namwinulia mkono.
Hatujawahi kusimama kuzungumza.
Ijumaa hayupo, na barabara huniwia ndefu.

Nikirudi naandika. Karani ni karani.
Daftari la mahudhurio lilibaki moja, nikalichukua,
na jina ndani ni moja tu, langu.
Yupo. Yupo. Kachelewa. Yupo.
Jumanne ile ya upepo wa mchanga
nilivaa raba, nikakaa kizingitini, nikazivua.
Niliandika: kafika mlangoni.
Kuna *hayupo* pia, sita mfululizo, mwezi wa Machi,
eda ilipotimiza mwaka tangu iishe.
Sikuzifuta. Karani hafuti.

Jana Asila kanipigia kutoka Abu Dhabi.
Mama, unahema, uko wapi?
Nguzo ya saba, nikamwambia,
na kichefuchefu kidogo, na jasho mpaka kwenye soksi.
Akanyamaza. Kazi mpya inamlemea, najua,
sauti yake ya asubuhi ina pazia.
Akauliza: lakini hizo nguvu unazipata wapi?

Nilivyofika nyumbani nikainama na simu
nikampigia picha:
vumbi, mpini wa ufagio,
na alama mbili sakafuni, safi,
pale raba zilipolala.