Mashine Nambari Nne

Kiduara kinazunguka.
Fahali wa kinu cha sukari guru huzunguka hivi
miwa ikishakwisha na hakuna aliyemwambia.

Bi Mwanaidi Rapando ameegemea meza yangu,
noti ya hamsini imekunjwa ndani ya kiganja.
"Kijana, hii yako imelala?"
"Haijalala, mama. Inafikiri."
(Uongo. Sijui inafanya nini.)

Nimeanza na waya, ndivyo nilivyofunzwa:
nikauchomoa, nikapuliza vumbi, nikaurudisha.
Taa ya modemu ni ya kijani.
Kwenye nambari mbili mvulana anatazama mpira bila kukwama.
Kwenye nambari tano mtu anaomba kazi Doha.
Mtandao basi upo. Umeiruka hii moja tu,
kama mgawa nyama asiyempenda mtoto fulani.

Nimezima. Nimewasha.
Nimefuta kumbukumbu zote za kivinjari,
siri za wateja nilizoapa kutozisoma.
Nimeleta kivinjari kingine, nacho kikagoma
kwa maneno yaleyale,
mashahidi wawili waliolala nyumba moja.
Nimempigia Wangatia, fundi wa Shibale.
Akasema: zima, uwashe.
Nikamwambia nimezima, nimewasha.
Akasema: basi zima tena.

Nje, soko la Mumias linafunika nyanya zake.
Mvua ya saa tisa inajipanga upande wa Bungoma.

Bi Mwanaidi hakasiriki. Ananieleza.
Shamim anaingia sekondari, shule inataka cheti cha kuzaliwa.
Alizaliwa nyumbani, usiku Nzoia ilipofura.
Mkunga aliandika tarehe ukutani kwa kaa la moto lililozimwa,
wakaja wapangaji, wakapaka chokaa.
Nakala iko serikalini.
Serikali iko humu.
Humu hamfunguki.

Ndipo nikasoma. Safari hii nikasoma kweli
yale maandishi madogo chini ya kufuli jekundu,
ambayo sisi wa kazi hii huyafunga
kabla hayajamaliza kusema:

cheti cha tovuti hii bado hakijaanza kutumika.

Bado?

Nikashusha macho hadi pembe ya skrini.
Saa sita na dakika arobaini usiku.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

"Mama," nikasema, kicheko kikinitoka,
"hii mashine inaamini tuko elfu mbili na tisa.
Kwake kila cheti ni cha kesho.
Shamim wako hajazaliwa."

Hakucheka. Alivuta kiti.
"Elfu mbili na tisa," akasema, anaonja mchuzi.
"Basi king'ora cha kiwanda kinalia saa kumi na moja.
Mzee anatafuta buti gizani asije akaniamsha.
Mimi niko macho. Najifanya nimelala
kwa sababu anavyonyata vile, mtu mzito vile,
ni vizuri kumsikiliza.
Trekta zinapita. Watoto wanachomoa miwa nyuma.
Sina deni la mtu."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Sikubonyeza.
Mteja akishalipia dakika,
si kazi yangu kumuuliza anazitumia wapi.

Ni yeye aliyesema,
"Haya. Tulete huku. Mtoto anangoja."

Nikabonyeza. Miaka ikapita bila kelele.
Kufuli likabadilika rangi, ukurasa ukashuka:
nembo, jina la mtoto, jina la mama.
Kwenye jina la baba akaweka kidole,
na alama yake ikabaki kwenye kioo.

Jioni nimefungua kasha.
Betri ndiyo iliyokufa, ile ndogo kama shilingi,
inayoihesabia mashine siku umeme ukikatika.
Muuza saa wa sokoni anazo, mia moja tu.
Nitainunua Jumatatu.
Au Jumatatu nyingine.

Kwa sasa nimebandika karatasi:
Namba nne, weka tarehe kwanza.
Alama ya kidole sijaipangusa.