Mizani

Hapa sahani hupimwa kabla ya kuliwa.
Unajipakulia mwenyewe, kimya, kama mtu anayejiibia:
mizizi ya yungiyungi yenye matundu,
biringanya iliyolegea kwa mafuta na mrehani,
uyoga mweusi kama masikio ya panya,
kisha unampelekea Bi. Liao Hsiu-man.
Anaiweka juu ya mizani, anatazama namba,
anakutazama wewe,
anataja bei kama anayesoma hukumu ndogo.

Tisini na tano. Mia na kumi.
Asiyejua kupakua hulipia mchuzi.

Nina miezi minne hapa, nyuma ya hospitali,
katikati ya jiji la Taichung, meza ya karibu na feni,
tangu daktari aigeuze karatasi ya damu yangu inielekee
akaizungushia namba moja wino mwekundu.
Nyumbani sijasema.
Mke wangu anadhani nimeshika dini.
Mama mkwe amenisifu mbele ya wageni, mara mbili.

Leo mvua. Upepo umekilaza kibao cha mlangoni kifudifudi,
ndiyo maana kijana wa pikipiki hakusoma chochote.
Aliingia na kofia ngumu kichwani,
sanduku la vyakula vya watu wengine mgongoni,
akazipita mboga kama anayempita mdai wake
akaenda moja kwa moja kwenye sinia la bata.

Bata. Mimi namjua.
Ni ngano iliyooshwa hadi wanga wote ukatoka, ukabaki mnato;
ngozi yake ni utando wa maziwa ya soya,
umekunjwa, umekaangwa, umepakwa rangi ya jioni.
Na kila siku ulimi wangu hukwama papo hapo:
niseme bata huyu, au bata hii?
Aliyewahi kupumua ana ngeli yake.
Aliyekunjwa jikoni alfajiri
nimpe ipi?

Kijana hakukwama.
"Mama! Bata huyu kafugwa wapi?"

Mkahawa mzima ukatulia.
Mtawa wa meza ya pili, kichwa kimenyolewa ling'ari,
akaacha tambi moja ikining'inia mdomoni.
Pei-shan, binti wa kaunta, akafungua kinywa;
mama yake akamkanyaga mguu.

"Yule?" Bi. Liao akafuta kaunta iliyokwisha kufutwa.
"Kwetu Pingtung. Alikuwa mtulivu sana.
Hakuwahi kumpigia mtu kelele."

Mtawa akaimeza tambi yake.

"Ndivyo alivyokuwa akipika bibi," kijana akasema,
si kwa yeyote, kwa sahani,
"kabla hajaanza kusahau chumvi."
Akala polepole. Mtu wa kazi ile hali polepole;
simu yake ililia mezani mara tatu, akailaza kifudifudi.

Akarudi kuongeza. Na hapo nikaona,
maana nilikaa upande ambao wateja hawakai:
kidole gumba cha Bi. Liao, mwanamke ambaye jana
alinidai dola mbili za kipande cha tangawizi,
kikaingia chini ya ukingo wa sahani
na kuinyanyua, kidogo tu.
Mizani ikasema arobaini.
Naye akarudia, bila haya: "Arobaini."

Alipotoka alikisimamisha kibao kwa ncha ya kiatu.
Akasoma. Akasoma tena.
Akageuka kututazama kupitia kioo chenye mvuke,
sisi sote tulioinamia bakuli zetu ghafla,
wachunguzi wakubwa wa supu.
Sikuona uso wake. Niliona kofia ikitikisika,
kisha taa nyekundu ya pikipiki, kisha mvua.

Usiku mke wangu aliuliza, kwa mazoea tu,
mchana nimekula nini.
"Bata," nikasema.

Kijiko chake kikasimama hewani.
"Bata gani?"

Basi ikanibidi nianze na daktari.