Bidoni Inayopumua

Natoka Nyawera saa kumi na moja alfajiri
juu ya kinga ya marehemu mjomba Cirhulwire,
chuma cha Wabelgiji, rangi imebanduka
hadi jina lake likabaki herufi tatu.
Nina viatu vya kubana, nina kofia ngumu,
nina saa inayohesabu mapigo ya moyo.
Watoto wa Nyakavogo huniita Mdudu wa Njano.
Sawa. Mdudu anakwenda Katana na kurudi,
Jumamosi zote alizopewa na Mungu.

Kulia ziwa, rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Kushoto migomba, na nyuma ya migomba, migomba,
inapanda vilima hadi pale ukungu unapoikata shingo.

Huku kila kijiji kina kasiksi yake na majivuno yake.
Ya Mudaka ni tamu, ya kumlainisha mkwe
kabla hujataja idadi ya ng'ombe.
Ya Miti inakwaruza koo, mtama wao
huukaanga hadi unakaribia kuungua.
Ya Kavumu hunywewa na watu wanaotazama ndege
ambazo hawatazipanda.
Ya Katana sisemi kitu. Mke wangu ni wa Katana.

Nimeshaona shimo la Mama Nabintu, nyuma ya jiko:
ndizi huzikwa mbichi, zikafunikwa majani na udongo,
siku ya tano hufukuliwa, njano, zimenyamaza,
zikakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi
ambao haujawahi kuliona ziwa.
Bibi yake alikamulia humo humo.
Ukipita unanusa, na miguu inasahau hesabu yake.

Wakati wa kurudi, kwenye mpando,
nikamkuta Zihindula.
Bidoni nne, lita themanini, kandambili za tairi,
kifua kimelala juu ya usukani
kama mtu anayeisihi kinga yake.
Nilishusha gia. Nikashusha tena.
Saa yangu ikaanza kulia kama kifaranga.
Tukapanda sambamba, yeye anasukuma, mimi napanda,
na hakuna aliyemwacha mwenzake.

"Asinge, Mdudu."

Nikashuka, aibu ilinishusha,
nikaweka kiganja kwenye bidoni ya nyuma, nikasukuma.
Ilikuwa ya moto. Ilikuwa inapumua.
Kizibo cha jani la mgomba kinafuka fss, fss,
nami nikakibonyeza, nikidhani nasaidia.
"Acha! Ukiiziba inapasuka.
Juzi shemeji yangu Bisimwa amerudi nyumbani
amevaa mzigo wote kifuani,
nzi wanamsindikiza kama bwana harusi."

Tulicheka hadi tukakosa pumzi ya kusukumia.
Hapo ndipo macho yake yakatua kwenye chuma changu,
pale nyuma, chini ya tandiko,
kwenye matundu mawili ya bolti
yanayopiga mluzi upepo ukiwa mkali.
"Hii ni kinga ya Cirhulwire," akasema.
"Ilikuwa na keria. Bidoni tano, huyo mzee, si nne.
Keria yake umeipeleka wapi?"

Niliitoa ili iwe nyepesi.
Gramu mia nane, niliipima kwa mizani ya muuza nyama.
Sikumwambia. Nilifunga kamba ya kiatu isiyofunguka.

Kileleni hakusubiri jibu.
Alirusha mguu juu ya lita themanini
akaachia.
Breki yake ni soli ya kandambili.
Nilikanyaga, Mungu anajua nilikanyaga,
na mgongo wake ukawa mdogo, mdogo zaidi,
migomba ikimpisha pande zote mbili,
mbuzi wakimpisha, mwanajeshi wa kizuizi akimpisha,
nikabaki nyuma kwenye harufu yake,
tamu, chachu kidogo, ya Mudaka bila shaka.

Keria ipo.
Imening'inia stoo, juu ya magunia ya makaa.
Kuku mweusi ametagia humo, mayai sita.
Nitamngoja aangue.