Pumzi ya Kwanza

Miaka thelathini tulipuliza kwa fimbo.
Fimbo ikipanda, mashavu yanajaa;
ikishuka, kimya,
na uwanja wa Kurasini unabaki na vumbi lake.

Leo tumebaki wastaafu watano
katika chumba cha cherehani cha mke wa Lugendo.
Luku imekwisha, feni imenyong'onyea,
karatasi za muziki tumezibana kwa vibanio vya nguo.

Hakuna fimbo.
Tunatazamana kama wezi waliosahau mlango.

Mbonde ameloweka ulimi wa zumari lake la kizungu
kwenye kikombe cha chai, ulainike.
"Tete hili," asema, "lina kiburi kuliko afande."
Baragumu la Kisoka limetema mate
juu ya vipande vya sare za shule.
Klarineti yangu imevimba kwa joto, viungo havitaki kuingiana.

Nani aanze?

Ndipo Tusekile, mwenye filimbi,
akavuta pumzi puani,
ndogo tu, kama anayenusa wali wa jirani,
nasi tukavuta naye.

Basi. Amri ilikuwa hiyo.
Sauti tano zikaingia bila hodi,
basuni la Lugendo likikoroma chini yetu.

Ukurasa wa pili tulipotea.
Hakuna aliyewekwa mahabusu.
Tukarudi nyuma, taratibu,
kila mmoja akisikiliza
mwenzake anaishiwa wapi.

Mtu akagonga ukuta, mara tatu, kwa hasira.
"Hajachelewa sana," akasema Mbonde.
Tukamsubiri amalize.
Kisha Tusekile akavuta pumzi.