Ufunguo wa Bomba

Ufunguo huu wa shaba nimeuvaa shingoni miezi kumi na mmoja.
Umeniachia doa la kijani kifuani.
Alfajiri nafungua, jioni nafunga,
na katikati ni kelele tu:
bidoni za njano juu ya mawe meusi,
mawe yaliyoshuka mlimani yakiwa moto,
yakapoa kabla yetu.

Mtaa wenyewe mpya. Goma imetutema huku pembeni,
na hakuna aliyezaliwa hapa
isipokuwa hao wanaobebwa mgongoni.
Huyu katoka Masisi, huyu Rutshuru,
yule aliliona paa lake likizama Buhene,
na kila mmoja kaja na foleni ya kwao kichwani.
Kwao Kasoki, mjamzito hutangulia.
Kwao Ndoole, hutangulia aliyelaza bidoni yake usiku.
Wako ambao kwao hutangulia mwenye kiwiko.

Mwezi wa tatu nilichoka, nikauvua mapema.
Nikampa yule mwenye sauti kubwa,
nikidhani sauti ndiyo uzoefu.
Siku tisa!
Bidoni ya faranga hamsini ikawa mia mbili,
shemeji zake wakapata foleni yao nyuma ya ukuta,
Nabintu akavunjwa kidole, na Ndoole alikuwepo,
akatazama pembeni.
Nikaurudisha shingoni. Ulikuwa umeongezeka uzito.

Ofisini wakauliza: watu wako watakuwa tayari lini?
Wakanipa karatasi ya visanduku.
Wana kamati? Ndiyo. Wana daftari? Ndiyo.
Wana muhuri? Wanayo mihuri miwili, jamani,
mmoja wa akiba.
Lakini muhuri haujui kumwambia mtu, rudi nyuma,
naye akarudi
bila kwenda na chuki nyumbani.

Nikaikunja karatasi, nikatega masikio.
Mvua ya Machi iliufuta ubao wetu wa sheria,
na hadi leo hakuna aliyekuja kuniuliza
ya tatu ilisemaje.
Siku moja mgeni alisukuma, akateta, akataja kwao.
Kasoki hakumtukana. Alimpokea bidoni, akaiweka chini:
"Sisi kwetu huwa tunangoja."
Kwetu! Na hakuwa na maana ya Masisi.
Alikuwa ameyakanyaga mawe haya haya.

Halafu ile Alhamisi.
Hapa mwenye dharura huacha jiwe mahali pake,
jiwe likasimama badala ya mtu.
Zamani mawe hayo yaliruka kama vyura:
ukigeuka, lako liko mtaroni.
Nabintu alikuwa hospitali na mtoto, homa ya siku tatu,
jiwe lake lenye tundu liko kati ya bidoni.
Nilikaa juu ya kizingiti nikijifanya nahesabu chenji.
Bidoni moja ikajaa, foleni ikasogea,
na jiwe likasogea.
Nyingine ikajaa. Jiwe likasogea tena.
Mguu uliokuwa ukilisukuma, polepole, bila kuangalia,
ulikuwa na kandambili ya Ndoole.
Lilipofika bombani
akamjazia.

Sikusema kitu. Kitu kama hicho ukikisifu
kinaona haya, kinakimbia.

Jumamosi nikaja na bidoni yangu mwenyewe,
nyumbani maji yameisha, wageni wako njiani,
na kwa mazoea ya miezi kumi na mmoja
nikaenda moja kwa moja mbele.
"Mama Wivine," akaniita msichana nisiyemjua jina,
wala hakupandisha sauti,
"mwisho wa foleni uko kule, kwenye chukudu."

Wote wakanyamaza wakinitazama.
Nikabeba bidoni yangu tupu, nikarudi nyuma,
nikapita mbele ya kila mmoja wao,
uso umewaka, na sikuchukia.
Au nilichukia kidogo, hadi kwenye chukudu.

Hapo ndipo nilipoinamisha shingo
nikautoa ule uzi,
nikamwambia aliye mbele yangu:
"Pitisha."
Ukaenda mkono kwa mkono.
Sikunyoosha shingo kuona umeishia kwa nani.
Nilikuwa wa ishirini na sita,
na jua lilikuwa bado chini.