Asilimia Mbili

Kitangari, chumba kilichokuwa ghala,
bado kinanuka magunia ya korosho.
Jiko la umeme, nyuzi mia nne na hamsini,
juu yake kioo, upana wa vidole viwili.
Napuliza. Nasubiri. Napuliza.
Mkono uliujua mwendo huu kabla ya fizikia:
darasa la sita, babu alinibebesha bomba la salfa,
nikapulizia mikorosho mpaka kope zikawa njano.

Sasa ni chumvi ya zinki ndani ya maji,
na alumini kiduchu,
kama mtu aliyebisha hodi akaondoka.
Ukungu ukigusa kioo, chwii, umekwisha.
Kinachobaki ni utando
mwembamba mara mamia kuliko kile kingozi chekundu
ambacho korosho hukivaa chini ya ganda.

Bila alumini: mwanga unapita, umeme unagoma.
Tano kwa mia: umeme umegoma tena,
na kioo kimeingia mtoto wa jicho.
Mbili kwa mia,
kiinamishe dirishani: zambarau, kijani, zambarau.
Hakuna rangi humo. Ni unene unaojitaja,
mwanga uliorudi juu na uliorudi chini
wamekutana njiani,
hapa wamepatana, pale wamezozana.
Na ile miale isiyoonekana, ichomayo ngozi,
imezuiwa mlangoni;
alumini imepandisha kizingiti.

Mama ameingia na chupa ya chai.
Usishike! Alama ya kidole ni mafuta,
na mafuta ni uongo kwenye vipimo.
Ameshashika.

Nakipeleka kwenye taa.
Doa moja, la mviringo,
halina mstari hata mmoja.
Miaka kumi na tisa ya kubangua,
utomvu wa ganda umezila ncha za vidole.
Mashine ya kusajili laini ilimkataa mara tatu.
Kijana wa kibandani akasema, "Mama, wewe huna vidole."
Simu yake mpaka leo inasoma jina langu:
Sikudhani Nalinga.

Anakichukua tena, anakiinua usawa wa jicho.
"Mbona sioni kitu?"

Ndiyo kazi yenyewe, mama. Usione kitu.
Nagusisha nyaya za mita pembeni mwa kioo,
sindano inaamka, inatetemeka, inasimama.

Anaitazama sindano. Anakitazama kioo.
"Kumbe kipo," anasema,
na kwa vidole vile vile
anafungua kifuniko cha chupa.