Sponji ya Kona Tatu

Sponji ya vyombo ina kona tatu.
Nilidhani ni panya. Kisha mswaki wangu
ukaanza kupata upara, unywele mmoja, kisha mbili, kisha kumi,
nikajua panya huyu anavaa miwani
na ana jiliwa alilolifunga kwenye meza yangu ya kulia.

Refik alitengeneza mabasi miaka thelathini.
Sasa anatengeneza wadudu.
Ndoano ndogo kuliko punje ya mtama
anaivika kiuno cha uzi wa pindo langu,
mabawa ya mfuko wa mkate,
tumbo la manjano (sponji),
halafu tone la rangi ya kucha, yangu, nyekundu,
niliyoinunua kwa harusi ya Aldina nikaipaka mara moja.
"Manyoya ya jogoo ni ghali," anasema,
"na trauti wa Pliva wamekwisha kuyasoma yote."

Basi anajaribu. Vumbi la mashine ya kufagilia
analifinyanga kwa mate: linazama kama jiwe.
Karatasi ya chokoleti: inang'aa mno,
samaki wanaikwepa kama mgeni anayecheka msibani.
Manyoya ya paka wa Munira, aliyemchana bila ruhusa,
yalielea vizuri dakika mbili.
Paka bado amenuna.
Mtaa mzima unacheka, nami nacheka nao
nikienda dukani kununua mswaki mwingine.

Januari, theluji hadi dirishani,
alifungua droo ya chini.
Kaseti ya Safet.
Ndugu yake hakuwa mtu wa kalamu;
kutoka Gothenburg alituma barua za mdomo,
dakika tisini, pande zote mbili:
bei ya viazi, jino, baridi, jino tena.
Redio ya kuichezea ilikufa mwaka mmoja kabla ya Safet.
Refik alitaka utepe. Mweusi, mwembamba, unaometa
kama mgongo wa funza wa mtoni.
Nikamwambia, kata mwishoni basi, pale palipo kimya.
Akanitazama juu ya miwani.
"Safet? Kimya?"
Akakata urefu wa kidole gumba,
popote mkasi ulipoangukia.

Machi, chini ya daraja la mbao,
mshipi ulikaza, fimbo ikainama,
kisha ikanyooka.
Alirudi soksi zimelowa, mikono mitupu,
akakaa bila kuvua koti.
Yumo mle majini samaki mwenye neno moja la Safet
kwenye pembe ya mdomo. Labda viazi. Labda jino.
Labda jina la huyu anayekunywa kahawa yangu sasa
kwa kelele, kama siku zote.

Leo nimenunua sponji mpya.
Sikumngoja panya.
Nimeikata kona mwenyewe, nikaiweka kando ya jiliwa,
pamoja na nywele mbili za kijivu kutoka kitana changu,
aone kama zitazama
au zitaelea.